Bi Vitufe Anajibu: Makro Haijui Unachotaka

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: makro, yaani mfululizo wa amri uliorekodiwa au kuandikwa ili kompyuta iurudie yenyewe, iliyofuta kisichotakiwa, au iliyoingiza maneno pasipo mahali pake. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine. Wanaoniuliza wanunue kompyuta gani, tafadhali bisheni hodi nyumba ya pili. Mimi ni mhariri wa miswada. Ninachokijua ni vitufe.

Shikamoo Bi Vitufe. Nina orodha ya majina 400 kwenye Word. Kila jina liko kwenye aya yake, na mbele yake kuna namba, mabano ya kufunga na nafasi moja, yaani "1) ", "2) " na kuendelea. Nilitaka namba zitoke na kila jina liishie na nukta mkato. Nikarekodi makro: Delete mara tatu, End, nukta mkato, mshale wa chini, Home. Majina tisa ya kwanza yametoka safi. Kuanzia la kumi kunabaki nafasi mbele ya jina, na kuanzia la mia kunabaki mabano. Isitoshe, yale majina marefu yenye vyeo nukta mkato imetua katikati, na mengine yamekatwa herufi tatu za ndani kabisa. Je, kompyuta ina virusi?
Katibu

Marahaba, Katibu. Hakuna virusi. Makro yako imefanya sawasawa ulichoifundisha, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Wewe kichwani ulisema "toa namba". Vidole vyako vilisema "futa herufi tatu". Makro ilisikia vidole. "1) " ina herufi tatu, mabano na nafasi zikihesabiwa. "10) " ina nne, kwa hiyo ile nafasi imesalimika. "100) " ina tano.

Kuhusu majina marefu, kosa liko kwenye End na mshale wa chini. Katika Word, End hukupeleka mwisho wa mstari unaouona kwenye skrini, si mwisho wa aya. Jina likiwa refu hadi likaangukia mstari wa pili, nukta mkato inabandikwa pale lilipokunjika. Halafu mshale wa chini unakushusha kwenye mstari wa pili wa jina lile lile, Home inakuweka mwanzoni mwake, na mzunguko unaofuata unafuta herufi tatu za mtu asiye na hatia.

Sasa tuirekodi upya bila kuhesabu herufi hata moja. Weka kishale mwanzoni mwa aya ya kwanza, kabla ya namba. Anza kurekodi: menyu ya "View", kisha "Macros", kisha "Record Macro". Panya iache, maana wakati wa kurekodi Word haikubali kuteua maandishi kwa panya, na inafanya vizuri kutokubali. Bonyeza F8, halafu bonyeza kitufe cha nafasi. Utaona kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona: F8 huanza uteuzi, na herufi yoyote utakayobonyeza baada yake huurefusha uteuzi huo mpaka herufi hiyo inapoonekana kwa mara ya kwanza. Ukibonyeza nafasi, uteuzi unafika kwenye nafasi ya kwanza, iwe namba ni 1 au 400. Bonyeza Delete. Namba, mabano na nafasi vimeondoka pamoja.

Sasa nukta mkato. Shika Ctrl ubonyeze mshale wa chini: kishale kinaruka hadi mwanzo wa aya inayofuata, hata kama hii uliyopo ina mistari mitatu. Bonyeza mshale wa kushoto mara moja. Umerudi mwisho halisi wa aya uliyotoka. Andika nukta mkato. Bonyeza mshale wa kulia mara moja. Upo mwanzoni mwa jina linalofuata, pale pale makro inapotaka kuanzia. Simamisha rekodi.

Ukifungua makro yako kwa Alt+F11 utakuta Word imeyaandika haya:

Selection.Extend
Selection.Extend Character:=" "
Selection.Delete Unit:=wdCharacter, Count:=1
Selection.MoveDown Unit:=wdParagraph, Count:=1
Selection.MoveLeft Unit:=wdCharacter, Count:=1
Selection.TypeText Text:=";"
Selection.MoveRight Unit:=wdCharacter, Count:=1

Baada ya mstari wa Delete mimi huongeza Selection.ExtendMode = False, ili niwe na hakika kwamba ule uteuzi wa F8 umekufa kabla kishale hakijasogea. Mwanzoni kabisa weka For i = 1 To 400, na mwishoni Next i, ili hatua zote zirudiwe mara 400. Rudisha kishale kwenye jina la kwanza, endesha.

Lakini kabla hujaendesha, angalia mambo matatu. Kwanza, mistari mitupu katikati ya orodha itoe. Aya tupu haina nafasi ndani yake, kwa hiyo F8 itavuka kwenda kuitafuta kwenye aya inayofuata na kuimeza namba ya jirani. Pili, mwishoni mwa orodha bonyeza Enter mara moja ili kuwe na aya tupu ya kupumzikia. Bila hiyo, jina la 400 halina aya ya mbele ya kurukia, na nukta mkato yake itaingia kabla ya herufi ya mwisho. Tatu, na hili ndilo lingepaswa kuwa la kwanza: bofya juu ya namba yoyote. Zikigeuka zote kijivu kwa pamoja, basi hizo si maandishi, ni namba za kujiendesha zinazowekwa na Word yenyewe. Kishale hakiwezi kuingia ndani yake, na makro ingefuta jina la kwanza la kila mtu. Katika hali hiyo teua orodha yote, bofya kitufe cha namba kwenye menyu ya "Home", zitatoweka zenyewe.

Bi Vitufe, habari za kazi. Narekodi makro kwenye Notepad++ na inafanya vizuri. Nikifunga programu nikaifungua tena, makro haipo.
Mchapaji

Nzuri, ndugu yangu. Hukuihifadhi. Ukishasimamisha rekodi, nenda menyu ya "Macro", chagua "Save Current Recorded Macro", ipe jina na ukitaka ipe na vitufe vyake. Humo humo kwenye menyu kuna "Run a Macro Multiple Times", yenye chaguo la kuiendesha mpaka mwisho wa faili. Hakikisha tu kwamba hatua ya mwisho ya makro inashusha kishale mstari unaofuata. Makro isiyoshuka haina mwisho wa faili wa kuufikia.

Shikamoo Bi Vitufe. Mimi ni mwanafunzi, najifunza kuandika makro kwa mkono badala ya kurekodi. Nilitaka kufuta aya zote tupu kwenye tasnifu yangu. Nikaandika mzunguko wa For i = 1 To ActiveDocument.Paragraphs.Count, na ndani yake sharti: kama urefu wa maandishi ya aya namba i ni 1, ifute. Aya tupu zikiwa mbili mfululizo, moja inabaki. Na mwishoni makro inaanguka kwa kosa namba 5941.
Mwanafunzi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuacha kurekodi. Kosa lako nalipenda, kwa sababu linatufundisha tabia ya kufuta kuliko maelezo yoyote.

Chukua aya ya tano na ya sita, zote tupu. Mzunguko unafika 5, unaikuta tupu, unaifuta. Papo hapo ile iliyokuwa ya sita inakuwa ya tano, ya saba inakuwa ya sita, na foleni yote inasogea mbele. Lakini i haijui hayo. Inaongezeka kuwa 6 na kuangalia aya ambayo zamani ilikuwa ya saba. Ile tupu ya pili imerukwa, imekaa kimya kwenye nafasi ya tano.

Kosa la 5941 lina asili hiyo hiyo. VBA, lugha inayoandikiwa makro za Word, huhesabu mwisho wa mzunguko mara moja tu, pale inapoanza. Kama tasnifu ilikuwa na aya 900 na umefuta 60, mzunguko bado unataka kufika 900. Ukifika 841 unaomba aya isiyokuwepo, na Word inakujibu hivyo hivyo, kwamba kitu unachokitaka hakipo.

Dawa ni kutembea kinyumenyume:

For i = ActiveDocument.Paragraphs.Count To 1 Step -1
If Len(ActiveDocument.Paragraphs(i).Range.Text) = 1 Then
ActiveDocument.Paragraphs(i).Range.Delete
End If
Next i

Ukitoka chini kwenda juu, kinachosogea ni kile ulichokwisha kukipita. Aya za juu zinabaki na namba zake. Kanuni hii ishike kwa kila kitu kinachofutwa kwa namba: safu za jedwali, picha, tanbihi, maoni ya pembeni. Kwa kuingiza pia, kwa sababu ukiongeza aya mpya juu, zote za chini zinabadilika namba.

Umefanya vyema kupima urefu wa 1 badala ya 0. Wengi hupima 0 na kushangaa kwamba hakuna kinachofutwa. Ile alama ya mwisho wa aya, unayoiona ukiwasha alama zilizofichwa, nayo ni herufi, na aya haiwi aya bila hiyo. Ndani ya jedwali, kiseli kitupu hurudisha urefu wa 2 kwa sababu alama yake ya mwisho ni herufi mbili, kwa hiyo viseli vyako vitupu havitaguswa. Aya yenye nafasi moja tu ndani yake nayo ina urefu wa 2. Hiyo kwa macho ni tupu, kwa makro si tupu, na ukitaka iondoke itabidi uyapitishe maandishi kwenye Trim, amri inayoondoa nafasi za pembeni, baada ya kuitoa alama ya mwisho.

Bi Vitufe, salaam. Makro yangu inatumia Selection.TypeText kuweka jina la mteja mahali nilipoteua neno "JINA". Kwenye kompyuta yangu "JINA" linaondoka na jina la mteja linaingia. Kwenye kompyuta ya mwenzangu jina linaingia, lakini "JINA" limebaki nyuma yake. Word ni toleo moja, faili ni moja.
Karani wa mikataba

Salaam, dada. Mko na toleo moja, ila mazoea tofauti. Kwenye "Options", upande wa "Advanced", kuna kisanduku kinachoitwa "Typing replaces selected text". Wewe umekiwekea alama, mwenzako ameiondoa, na watu wengi huiondoa baada ya kupoteza ukurasa mzima kwa kugusa kitufe kimoja. TypeText hutii kisanduku hicho, kwa kuwa inamwigiza mtu anayeandika kwa vidole. Kikiwa na alama, maandishi mapya yanachukua nafasi ya yaliyoteuliwa. Kikiwa hakina, maandishi mapya yanaingia mbele ya yaliyoteuliwa na ya zamani yanabaki.

Usimwombe mwenzako abadilishe mazoea yake. Badilisha makro. Ukitaka kufuta na kuweka kwa pamoja, andika Selection.Text = "jina la mteja"; hiyo haijali kisanduku. Ukitaka kuongeza bila kufuta, tumia Selection.InsertAfter au Selection.InsertBefore. TypeText iachie pale ambapo hakuna kilichoteuliwa, na ukiwa na wasiwasi itangulize Selection.Collapse ili kishale kiwe kitupu kwanza. Kwa mikataba ningekuwa mkali zaidi. Neno "JINA" linaweza kubaki kwenye mkataba uliosainiwa na asilione mtu. Mwishoni mwa makro weka utafutaji mmoja wa "JINA", na likionekana hata mara moja itoke ilani.

Bi Vitufe, mimi ni mtu wa Vim, kile kihariri cha maandishi cha amri za herufi, na najua hunipendi. Nina faili la msamiati: kila mstari una neno, nukta mkato, halafu maelezo. Nataka nibaki na neno tu. Nimerekodi qa0f;Djq, nikaamuru 500@a. Imesimama mstari wa 37, na nikirudia inasimama hapo hapo. Rejista imeharibika?
Mtu wa Vim

Ninakupenda. Wasiokupenda ni wale unaowaachia kompyuta ikiwa na Vim wazi, bila kuwaambia jinsi ya kutoka.

Kwa wasomaji wengine, nitafasiri ulichoandika: q na a huanza kurekodi kwenye rejista a (rejista ni mahali Vim inapohifadhi makro au maandishi yaliyonakiliwa), 0 hupeleka kishale mwanzo wa mstari, f na nukta mkato huruka hadi nukta mkato ya kwanza, D hufuta kuanzia hapo mpaka mwisho wa mstari, j hushuka, q husimamisha rekodi. 500@a huendesha mara 500. Herufi chache, kazi kubwa. Na tazama kwamba huyu bwana hakuhesabu herufi. Alisema "mpaka nukta mkato", kama yule F8 wa Katibu hapo juu.

Rejista yako ni nzima. Nenda mstari wa 37 uutazame. Hauna nukta mkato. Amri ya f ikikosa inachokitafuta inashindwa, na Vim ina desturi ya kuvunja makro yote pale amri moja ndani yake inaposhindwa, na marudio yaliyobaki yanakufa nayo. Wengine huiona kero. Kwangu mimi ni heshima: imekosa nukta mkato, ikasimama kukuuliza, badala ya kufuta tu kisha ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Ukishaukagua mstari huo na mingine ya aina yake, waweza kuiacha makro kabisa na kutumia :g/;/normal 0f;D. Hiyo husema: kwenye kila mstari wenye nukta mkato, fanya 0f;D. Mistari isiyo nayo hairukwi kwa bahati, haiguswi tangu mwanzo. Angalia nimeitoa j, kwa sababu :g yenyewe ndiyo inayotembea. Kuingiza ni hivyo hivyo: :%normal A, huweka mkato mwisho wa kila mstari wa faili, na :%normal I- huweka kistari mwanzoni, kabla ya herufi ya kwanza isiyo nafasi.

Na kama makro ndefu ina hitilafu moja, usiirekodi upya. Fungua mstari mtupu, andika "ap, na makro itamwagika pale kama maandishi ya kawaida, kwa maana rejista ya makro na rejista ya kunakili ni ile ile moja. Irekebishe kama unavyorekebisha sentensi, kisha 0"ay$ inairudisha rejistani. Ukitaka kuongeza hatua mwishoni tu, anza kurekodi kwa qA, herufi kubwa, nayo itaunganisha badala ya kufuta iliyokuwepo.

Bi Vitufe, hujambo. Nimestaafu na mjukuu wangu ananifundisha Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Anasema jina lenyewe lina neno makro ndani yake. Ananitania?
Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Sijambo. Hakutanii. Emacs ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "Editing MACroS", na ilizaliwa mwaka 1976 pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwa mikono ya Richard Stallman pamoja na wenzake, wakiwemo Guy Steele na David Moon. Wakati huo haikuwa programu yenye kujitegemea. Ilikuwa rundo la makro zilizoandikwa juu ya kihariri cha zamani zaidi kiitwacho TECO, kilichoanzishwa na Dan Murphy hapo hapo MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya kusahihisha maandishi yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Kwa TECO, kuhariri kote kulikuwa ni kuandika amri. Herufi I iliingiza maandishi, D ilifuta herufi, K ilifuta mistari. Kubadili neno "kalamu" kuwa "peni" faili zima, mtu aliandika hivi:

J<Skalamu$;-6DIpeni$>$$

Kila $ hapo ni kitufe cha Escape. J hurudi mwanzo wa faili. Alama < na > ni mipaka ya mzunguko. S hutafuta "kalamu" na kuacha kishale mwisho wake. Nukta mkato hutoka nje ya mzunguko neno likikosekana. -6D hufuta herufi sita kurudi nyuma. I huingiza "peni". Na amri ndefu kama hiyo iliweza kuwekwa kwenye rejista, kisha herufi M ikaiendesha. Hiyo ndiyo makro ya kuingiza na kufuta katika umbo lake la awali kabisa. Kulikuwa na mchezo miongoni mwa watumiaji wake: andika jina lako kama amri, ukisie litaharibu nini. Mzee, jaribu kukisia la mjukuu.

Kwa Emacs ya leo, F3 huanza kurekodi na F4 humaliza, kisha F4 tena huendesha. Ukibonyeza F3 katikati ya kurekodi inaingiza namba, ikianzia 0 na kupanda kila makro inapoendeshwa. Mwambie mjukuu akuonyeshe hilo. Asipolijua, mfundishe wewe.

Bi Vitufe, nimemtumia mwenzangu faili lenye makro kwa barua pepe. Anasema hamna makro ndani. Nikatuma tena kwa njia nyingine, sasa anaona ukanda mwekundu na makro haifanyi kazi.
Msaidizi wa ofisi

Ni mambo mawili yaliyofuatana. Mara ya kwanza, ama ulihifadhi faili kama .docx, ambayo haibebi makro kabisa, ama makro yako haikuwa ndani ya faili. Word ikirekodi, isipoambiwa vingine, huiweka makro kwenye Normal.dotm, kiolezo kilichoko kwenye kompyuta yako wewe. Chagua mwanzoni kwamba ikae ndani ya waraka huo, na uhifadhi kama .docm.

Ukanda mwekundu ni Microsoft, ambayo tangu 2022 huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Sababu ina historia. Mwaka 1995 kilitokea kirusi cha Concept, kilichosambaa ndani ya nyaraka za Word, na Machi 1999 kikaja Melissa, kilichojituma chenyewe kwa anwani 50 za kwanza kwenye kitabu cha anwani cha kila aliyekifungua. Amri ile ile inayoingiza jina la mteja inaweza kuandikwa na mtu mbaya. Kama mwenzako ana hakika kwamba faili limetoka kwako, abofye kulia juu yake, aende "Properties", aweke alama kwenye "Unblock". Kama hana hakika akupigie simu kwanza. Na akiletewa .docm na mtu asiyemjua, asiifungue.

Je, kwenye simu naweza kuandika makro za kuingiza maneno?
Msomaji wa simu

Makro kamili, kwa kawaida hapana. Lakini kibodi nyingi za simu zina kamusi binafsi au ubadilishaji wa maandishi, ambapo unaweka kifupi na sentensi yake ndefu. Kwa kuingiza, hiyo inatosha wengi. Kwa kufuta haina msaada.

Bi Vitufe, shikamoo. Mwandishi wangu amejaza mabano kila mahali kwenye mswada wa kurasa 300 na sasa anataka yote yaondoke, na yaliyomo ndani yake. Nimesoma kwamba kwenye Tafuta na Badilisha nikiwasha "Use wildcards" naweza kutafuta \(*\) na kubadilisha na utupu. Niendelee?
Mhariri mwenzio

Marahaba, na usiendelee. Afadhali umeuliza kabla.

Ile nyota hukubali chochote, ikiwemo alama ya mwisho wa aya. Mwandishi huyo, kwa unavyomweleza, lazima kuna mahali alifungua mabano akasahau kuyafunga. Hapo utafutaji utaanzia kwenye mabano yaliyosahauliwa, uvuke aya, pengine uvuke kichwa cha sura, hadi ukute mabano ya kufunga yaliyofuata, na vyote vilivyo katikati vitakwenda. Hutaona kitu. Word itakuambia tu idadi ya mabadiliko iliyofanya, nayo itaonekana ya kawaida.

Tafuta hivi badala yake:

\([!\)^13]@\)

Yaani: mabano ya kufungua, kisha herufi moja au zaidi ambazo si mabano ya kufunga wala si mwisho wa aya, kisha mabano ya kufunga. Mabano yaliyosahauliwa hayatavuka aya yake.

Na mara ya kwanza usifute. Kwenye sehemu ya kubadilisha andika ^&, ambayo humaanisha "kile kile kilichopatikana", na kwenye "Format" chagua "Highlight". Badilisha vyote. Sasa mswada una madoa ya rangi, na wewe una mchana mmoja wa kuupitia. Utakuta mwaka wa kuzaliwa wa mtu uliokuwa ndani ya mabano na unahitajika. Utakuta orodha yenye "(a)" na "(b)". Utakuta mabano ndani ya mabano, ambayo amri hii itayakata vibaya kwa kuwa inaishia kwenye mabano ya kufunga ya kwanza. Hayo yaondolee rangi au uyarekebishe kwa mkono.

Ukimaliza, washa "Track Changes" ndipo ufute yaliyobaki na rangi. Mwandishi ataona kila kilichoondoka na atakubali au kukataa kimoja kimoja. Tumia ile ya kubadilisha vyote kwa pamoja. Usiandike makro ya mzunguko inayotafuta, inafuta, inatafuta tena, kwa sababu wakati "Track Changes" imewashwa maandishi yaliyofutwa bado yamo kwenye waraka, yamepigwa mstari tu. Mzunguko utayakuta yale yale, utayafuta tena, na hautatoka hapo mpaka uuvunje kwa Ctrl na Break.

Kama ni lazima uandike makro, ifunge ndani ya Application.UndoRecord.StartCustomRecord mwanzoni na EndCustomRecord mwishoni. Hiyo ipo tangu Word 2010. Bila hiyo, kila hatua ya makro inaingia kwenye historia ya kutendua peke yake, na kufuta mabano 600 kunamaanisha kubonyeza Ctrl+Z mara 600 kama mwandishi akibadili mawazo. Na kwa jinsi ulivyomweleza, atabadili.